Kona imejifunga, paneli imebinuka: kutafuta chanzo kabla ya kugusa modeli ya kalibu

Kipande cha nyuzi za kaboni kimetoka kwenye otoklevu, tanuri la shinikizo, na kimepoa. Unakirudisha juu ya kalibu ile ile iliyokizaa, nacho hakikai. Mbawa, yaani pande zinazotoka kwenye kona, zinabana, au katikati kuna mwanya unaopitisha kucha, au kona moja inapanda ukiibonyeza nyingine. Unaipima kalibu na kuikuta sawa na mchoro. Kilichobadilika ni kipande.

Wengi wetu hapo tunakimbilia CAD, programu ya kuchora kwa kompyuta. Tunachukua kosa lililopimwa, tunaligeuza alama na kuusogeza uso wa kalibu upande wa pili. Mara nyingine hufaulu. Mara nyingi zaidi kosa la kwanza hupungua na jipya huzaliwa, kwa sababu kilichopimwa kilikuwa makosa matatu yaliyolaliana: ukubwa, pembe na mbinuko. Kila moja lina chanzo chake na mahali pake kwenye modeli. Ukubwa hurekebishwa kwa kipimo cha kuongeza au kupunguza sura nzima. Pembe hurekebishwa kwa kuzungusha ubawa kwenye kona yake. Mbinuko mara nyingi hautibiki kwenye modeli kabisa, dawa yake iko kwenye meza ya kupanga matabaka ya kitambaa cha nyuzi. Ukiyachanganya yote katika sogezo moja, hutajua lipi limekujibu.

Kwanza, hakikisha kosa linajirudia

Usifidie kwa kutazama kipande kimoja. Pima vitano ukiweza, vitatu kama huna budi, vyote vya mpangilio ule ule na ratiba ile ile ya kuivisha. Ukipata kona zimejifunga kwa digrii 1.0, 1.1, 0.9, 1.0 na 1.1, hiyo ni tabia ya nyenzo na unaweza kuichora. Ukipata 0.3, kisha 1.6, kisha 0.8, funga modeli. Hakuna kalibu inayoweza kufidia kitu kisichojua kinataka kwenda wapi. Rudi kwenye karakana uhesabu matabaka, uangalie kama kitambaa cha satini, ambacho nyuso zake mbili hazifanani, kimelazwa uso juu mahali pamoja na uso chini mahali pengine, kama mfuko wa ombwe (plastiki inayofunika kipande na kunyonywa hewa) ulivuja, kama waya za kupimia joto zilikuwa kwenye kalibu au zilikuwa zinaning'inia hewani.

Halafu tazama namna unavyopima. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Tulikuwa na kipande cha umbo la L, miguu miwili ya milimita 60 kila mmoja, pembe ya digrii 90 kwenye mchoro. Tulikipiga skana, tukaiachia programu ilaze wingu la nukta juu ya modeli kwa namna inayopunguza makosa kwa jumla. Ramani ya rangi ikatoka kijani karibu yote, kosa kubwa likiwa robo ya milimita kwenye ncha. Tukasherehekea. Kwenye kuunganisha, ncha ya mguu ilikuwa imekosa kwa zaidi ya milimita moja.

Hesabu yake ni rahisi ukiitazama kwa utulivu. Kona ilikuwa imejifunga kwa digrii moja. Programu ilikizungusha kipande nusu digrii, ikagawa kosa sawa kwa miguu yote miwili, kila mguu ukainama nusu digrii kuzunguka katikati yake. Milimita 30 mara sini ya nusu digrii ni 0.26. Lakini anayeunganisha hagawi kosa. Anafunga mguu mmoja kwenye jigi, kishikio cha kuunganishia, na mguu wa pili unabeba digrii nzima: 60 mara sini ya digrii moja, yaani 1.05. Tangu hapo ninalaza skana kwa nukta za rejea zile zile zinazotumika kwenye kuunganisha, tatu kwenye uso mkubwa, mbili upande mmoja, moja mwisho, na pembe ninaisoma kama pembe. Ramani ya rangi ninaiangalia baadaye.

Dalili: pembe zimejifunga, kipande kinabana kwenye kalibu dume

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote (kalibu dume huingia ndani ya kipande, kalibu jike hukizunguka kwa nje), na inafaa kueleweka kwa undani, kwa kuwa ukiielewa utafidia kona nyingi bila kubahatisha.

Chukua kona ya mduara. Ina tao la ndani na tao la nje. Tofauti ya urefu wa matao hayo mawili ni pembe ya tao mara unene wa kipande. Nyuzi zimelala kufuata tao, na nyuzi za kaboni karibu hazitanuki wala kusinyaa kwa urefu wake, kwa hiyo urefu wa matao yote mawili unabaki vile vile. Unene haujashikwa na uzi wowote, umeshikwa na resini tu, gundi inayofunga nyuzi pamoja. Resini inasinyaa inapoiva, kisha inasinyaa tena inapopoa. Basi unene umepungua na tofauti ya matao haijapungua. Kitu kimoja tu kinaweza kuziba pengo hilo: pembe ya tao lazima iongezeke. Tao likizunguka zaidi, kona inajifunga.

Makadirio yake yanafanyika kwenye kipande cha karatasi. Tuseme kipande cha kaboni na epoksi, aina ya resini, kinatanuka mikroni 3 kwa mita kwa kila digrii ya joto kwa ulalo (kufuata nyuzi), na mikroni 50 kwa unene. Tuseme kimeivishwa kwa digrii 180 na kinapimwa kwa 20, tofauti ya digrii 160. Tofauti ya utanukaji ni mikroni 47 kwa mita, mara 160, unapata mikroni 7520 kwa mita, yaani takriban 0.0075. Zidisha kwa 90, pembe ya kona: digrii 0.68. Hiyo ni sehemu ya kupoa. Ongeza sehemu ya kuiva. Kama unene ulisinyaa kwa asilimia 0.5 baada ya resini kuganda, hiyo ni 0.005 mara 90, yaani digrii 0.45. Jumla ni kama digrii 1.1. Namba hizi ni za mfano, weka za nyenzo yako, lakini kona ya digrii 90 ya kaboni na epoksi inayofunga kati ya nusu digrii na digrii moja na nusu si ajabu hata kidogo. Kwenye nyuzi za glasi usiazime namba za kaboni: kipande chenyewe hutanuka zaidi kwa ulalo, hivyo tofauti kati ya ulalo na unene ni ndogo.

Kwenye hesabu hiyo kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni pembe ipi unayozidisha. Ni pembe ya tao, yaani kiasi ambacho matabaka yamegeuka kwenye kona. Pembe iliyo kati ya mbawa ni kitu kingine. Kwenye kona ya 90 zote mbili ni 90, ndiyo maana kosa hili hujificha kwa miaka. Kona iliyo wazi kwa digrii 120 imegeuka digrii 60 tu, kwa hiyo kwa namba zetu inafunga kama digrii 0.75. Kona kali ya digrii 60 imegeuka 120 na inafunga digrii 1.5. Mchoraji anayeweka "digrii moja kila kona" kwenye kipande chenye kona za aina zote anakosea pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Wa pili ni nyenzo ya kalibu. Nimewahi kuulizwa mara nyingi kama kuhama kutoka alumini kwenda chuma kutamaliza kujifunga kwa kona. Kalibu ya chuma au ya alumini inatanuka sawasawa pande zote, na kitu kinachotanuka sawasawa hukua bila kubadili pembe zake. Digrii 90 ya alumini ni digrii 90 kwa joto la 20 na kwa joto la 180. Kwa hiyo kona itajifunga karibu sawa juu ya kalibu yoyote kati ya hizo. Kinachobadilika ni urefu, na mbinuko, nitakavyoeleza mbele.

Kwenye CAD, fungua pembe ya kalibu kwa kiasi kile kile. Kona ya 90 inayofunga 1.1 ichorwe 91.1. Usivute ncha ya ubawa kwa kusogeza nukta. Zungusha uso mzima wa ubawa kwenye mstari wa kona, kisha jenga upya mviringo wa kona ukiwa na nusu kipenyo kile kile na uguse nyuso zote mbili bila mkunjo. Pembe hiyo iwe namba yenye jina kwenye modeli, moja kwa kila kona, ili kesho ukitaka 0.9 badala ya 1.1 ubadilishe namba tu. Kufungua huku kunakupa zawadi ndogo pia: kalibu inapata mteremko wa kutolea kipande, iwe dume au jike.

Kabla ya kukata chuma, tengeneza kona ya majaribio. Kipande cha L chenye miguu ya milimita 50, mpangilio ule ule wa matabaka, ratiba ile ile, juu ya pembe ya alumini ambayo umeipima mwenyewe pembe yake halisi. Kinakula nyenzo kidogo na kinakueleza zaidi ya hesabu yoyote, kwa sababu kinabeba ndani yake usinyaaji halisi wa resini yako.

Kona ya majaribio ikikupa namba isiyolingana na ya kipande kikubwa, angalia unene kwenye kona. Juu ya kalibu dume shinikizo hubana kona na kuifanya nyembamba. Ndani ya kalibu jike matabaka hupenda kukata kona kama kamba iliyovutwa, mfuko unabaki hewani na resini inakwenda kujaa pale. Kona iliyojaa resini na kona iliyobanwa hazijifungi sawa. Chonga moja, ing'arishe, itazame kwa kikuzaji. Ukiona ukanda wa resini usio na nyuzi upande wa nje wa kona, tatizo ni upangaji na si uchoraji.

Dalili: ubawa umekosa, lakini si kwa mstari ulionyooka

Hii hujificha ndani ya ile ya kwanza. Pima umbali wa kosa kwenye ubawa karibu na kona, katikati, na kwenye ncha. Kama kosa linakua kwa mstari ulionyooka, milimita 0.35, 0.7, 1.05, hiyo ni kona tupu. Kama linakua kwa mkunjo, dogo karibu na kona halafu linakimbia kuelekea nchani, basi ubawa wenyewe umebinuka, na ukizungusha kona kwa kipimo cha ncha utaharibu sehemu ya karibu. Sehemu ya kona haijali urefu wa ubawa. Sehemu ya mbinuko inaujali sana. Zitenganishe kwenye karatasi kwanza, kila moja na namba yake.

Dalili: paneli bapa imepanda katikati

Unailaza paneli juu ya meza ya graniti, uso uliokuwa kwenye kalibu ukiwa chini. Ncha zinagusa, katikati filageji (ubapa mwembamba wa kupimia mwanya) inapita. Chanzo cha kwanza cha kushuku ni mvutano kati ya kalibu na kipande. Kalibu ya alumini ikipashwa joto hutanuka mikroni 23 hivi kwa mita kwa kila digrii, kipande kinataka 3. Kwa kuwa shinikizo limekibana kipande kwenye kalibu, matabaka ya chini yanavutwa kuliko ya juu, resini inaiva huku yakiwa yamevutwa, na ukikitoa kipande matabaka hayo yanarudi. Upande wa chini unakuwa mfupi, katikati inapanda.

Mbinuko wa aina hii hukua takriban kwa mchemraba wa urefu na hupungua takriban kwa mraba wa unene. Ndiyo sababu kipande cha majaribio cha nusu mita kinaweza kuwa bapa kabisa na kile cha mita mbili, matabaka yale yale, kikapinda kama upinde. Vilevile ndiyo sababu siwezi kupendekeza uifidie kwa kuchimba kalibu. Inategemea jinsi uso wa kalibu ulivyopakwa dawa ya kutonata leo, na leo si kesho. Weka filamu isiyonata kati ya kalibu na tabaka la kwanza ili vitelezane. Hamia kalibu inayotanuka kidogo, ya kaboni au ya Invar, aloi ya chuma na nikeli ambayo hutanuka kati ya mikroni 1 na 2 tu. Kwa kazi iliyo nyembamba na ndefu hilo halikwepeki.

Chanzo cha pili cha paneli iliyopinda ni mpangilio usio na ulinganifu kuanzia katikati ya unene. Hapa mbinuko ni mkubwa na haujali kalibu. Jaribio lake ni la kupendeza: geuza mpangilio mzima, tabaka lililokuwa la kwanza liwe la mwisho, uivishe tena kwenye kalibu ile ile. Mbinuko ukigeuka upande, kosa liko kwenye matabaka. Ukibaki upande ule ule, kosa liko kwenye kalibu. Chanzo cha tatu ni resini iliyonyonywa upande mmoja tu. Upande ulionyonywa una nyuzi nyingi kwa kila milimita kuliko mwingine, na pande mbili zisizofanana hazisinyai sawa zikipoa.

Dalili: kipande kinayumba kwa pembe mbili zinazokingamana

Bonyeza kona moja kwa kidole, ya mkabala inapanda. Hiyo ni kusokotoka, na karibu kila mara asili yake ni matabaka ya digrii 45 yasiyo na wenzake wa kutoa 45, au tabaka moja lililolazwa likiwa limepotea digrii kadhaa. Usiichore kwenye kalibu. Mpangaji mwingine akiingia zamu, msokoto utageuka upande.

Dalili: umbo ni sahihi, ukubwa si sahihi

Pembe nzuri, mbawa zimenyooka, ila kipande ni kirefu kuliko mchoro, na kadiri kipande kinavyokuwa kirefu ndivyo kosa linavyoongezeka. Hapo kuna utanukaji wa kalibu ambao haukufidiwa.

Kipande kinachukua urefu wa kalibu ilivyo wakati resini inaganda na kukaza, kalibu ikiwa ya moto. Baada ya hapo kila mmoja anapoa kwa mwendo wake. Kipande cha mita 3 juu ya alumini, tofauti ya digrii 160: kalibu imekua kama milimita 11.0, kipande kikipoa kinarudi kama milimita 1.4 tu. Kipande kitakuwa kirefu kwa takriban milimita 9.6, kwa hiyo kalibu ichongwe ikiwa na milimita 2990.4 ikiwa baridi. Kwa chuma cha mikroni 12 punguzo ni kama milimita 4.3.

Joto la kuweka kwenye hesabu ni lile ambalo resini ilikazia, na hilo si lazima liwe joto la juu kabisa la ratiba. Ratiba inayokaa saa nyingi kwenye 120 ndipo ipande 180 inaweza kuwa imeshafunga urefu wa kipande kwenye 120.

Kwenye CAD, punguza uso wa kipande peke yake. Nimeona modeli ya kalibu nzima ikipunguzwa kwa kubonyeza mara moja, na matundu ya pini, nafasi za boliti na soketi za nukta za kupimia vikapungua pamoja nayo. Pini ya milimita 12 haiingii kwenye tundu la 11.96. Chagua pia kitovu cha kupunguzia: kiwe ile nukta ya kalibu ambayo kipande kimefungiwa, ama sivyo kila kitu kitahamia upande mmoja. Na kama matabaka mengi yamelala upande mmoja, kipande hakitanuki sawa kwa urefu na kwa upana, hivyo vipimo vya kupunguza viwe viwili, kimoja kwa kila mhimili.

Kuna jambo moja dogo linalokula watu. Kalibu ya alumini ya mita 3 iliyopimwa kwenye karakana yenye joto la 28 badala ya 20 inaonekana ndefu kwa zaidi ya nusu milimita. Andika joto kando ya kila kipimo.

Kalibu jike ya alumini ina shida nyingine: ikipoa inasinyaa kuliko kipande na kukikaba. Ukiona nyufa ndogo au alama za kuminywa mwisho wa mbawa, pengine kipande kilikabwa kabla hujakitoa.

Dalili: pembe na ukubwa ni sahihi, mistari ya kukatia na matundu yamehama

Hili ni kosa la modeli mia kwa mia. Ulipozungusha ubawa, mstari wa kukatia ulibaki pale ulipokuwa, au ulidondoshwa juu ya uso mpya kwa kuutazama kutoka juu. Mstari usafiri juu ya uso: umbali wake kutoka kwenye kona, ukipimwa kufuata ngozi ya kipande, ubaki ule ule. Mifumo bapa ya kukatia vitambaa na faili za projekta ya leza zitolewe kwenye uso uliofidiwa, kwa sababu ndiko matabaka yanakolala. Jigi la kukatia na la kuunganishia lichorwe kwa umbo la asili, kwa sababu hapo kipande kimeshajifunga na kurudi kwenye mchoro. Weka modeli mbili zenye majina yasiyofanana hata kidogo, na ile iliyofidiwa isiingie kamwe kwenye modeli ya mkusanyiko. Siku ikiingia, mtu wa sehemu jirani atachora kipande chake kikutane na ubawa wa 91.1, na mtatafuta mwanya huo kwa wiki.

Dalili: umefidia, sasa kosa liko upande wa pili

Kama mstari wa kona ulikuwa umenyooka, rudi kwenye mitego miwili ya mwanzo. Kama ubawa unafuata mstari uliopinda, kwa mfano fremu ya mviringo, sababu ni nyingine. Ubawa uliopinda ni mgumu kama ukingo wa bakuli. Kona inataka kufunga digrii moja, ubawa unaikatalia, na sehemu ya nguvu hiyo inaenda kuubinua mgongo au inabaki ndani kama mkazo. Ukizungusha digrii nzima umefidia kitu ambacho hakikutokea. Sehemu kama hizi zinastahili uchambuzi wa elementi finiti (kompyuta inagawa kipande katika vijipande na kukokotoa mwendo wa kila kimoja), na matokeo yake yarudishwe kwenye CAD kama mageuzo ya uso: kila nukta isogezwe kinyume cha mwendo uliotabiriwa, uchambuzi urudiwe juu ya umbo jipya, mara mbili au tatu hadi lililobaki liwe dogo.

Ukifanya hivyo, au ukifidia kutokana na skana, usigeuze nukta mbichi kuwa uso. Skana ina mtetemo wake, wavu wa uchambuzi una vipembe vyake, na kalibu itaviiga vyote kwa uaminifu. Jenga uso mpya wenye vipande vichache vikubwa, kisha uutazame kwa mistari ya pundamilia, ile milia ya mwakisiko ambayo CAD huichora juu ya uso. Mstari ukivunjika kwenye mpaka wa nyuso mbili, jicho litauona mvunjiko huo kwenye rangi ya mwisho hata kama kipimo kinasema sawa.

Dalili: kalibu ya kaboni, na makosa ni mara mbili ya ulivyotarajia

Kalibu ya kaboni nayo ni kipande cha kompositi, nyuzi na resini kwa pamoja. Imezaliwa juu ya kielelezo, umbo la kwanza la kunakiliwa, na kona zake zilijifunga ilipotoka, kama kona yoyote. Kisha kipande chako kinajifunga tena juu yake. Digrii moja na digrii moja, kielelezo kichorwe karibu 92. Kwa urefu hali ni hiyo hiyo. Kielelezo cha ubao wa epoksi kinachotanuka, tuseme, mikroni 35, kikipashwa kutoka 20 hadi 60 kitakua zaidi ya milimita 4 kwenye mita 3, na kalibu itauchukua ukubwa huo. Chora mnyororo mzima kwenye ukurasa mmoja, kielelezo, kalibu, kipande, na joto la kila kiungo, kabla ya kuingiza namba yoyote.

Dalili: ilipimwa sawa, baada ya muda haiko sawa

Uliza kama ilipimwa kabla ya kuivishwa mara ya pili nje ya kalibu. Kipande kinachoivishwa kwa joto dogo kisha kikapandishwa kikiwa huru huachia mikazo iliyofungwa, na pembe husogea. Kipimo cha kufidia kichukuliwe baada ya hatua ya mwisho ya joto. Unyevu nao una mkono wake: resini ikinywa unyevu huvimba kwa unene, na kona iliyojifunga hufunguka kidogo. Vipande vipya na vilivyokaa miezi kwenye rafu visiingie kwenye wastani mmoja.

Ukiwa bado huna uhakika wa namba

Itafika siku ya kukata chuma na kona za majaribio zitakuwa zimekupa kati ya 0.9 na 1.2. Chagua upande unaokuachia chuma. Kwenye kalibu dume, kufungua zaidi ni kuacha chuma zaidi kwenye ubavu, kwa hiyo chora 1.2, na kipande cha kwanza kikitoka kikiwa wazi mno utachonga ubavu kidogo. Kwenye kalibu jike ni kinyume, kufungua zaidi ni kuchimba zaidi, kwa hiyo anza na 0.9 na uchimbe baadaye. Mwambie fundi wa mashine mapema kwamba kalibu itarudi, ili asiondoe nukta zake za kushikia.